Tulivyoyapooza Maji Moto kwa Heshima ya Wageni

Jumamosi jioni, mwezi wa sita. Magomeni, Kilosa.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kujikunyata, ile inayoingia masika yakishaaga. Ukungu uling'ang'ania milimani hadi karibu saa nne. Sasa jua linaelekea kuzama, niko kibarazani kwa dada yangu Zena, chai ya tangawizi mkononi, nimevaa ndala zake kwa sababu viatu vyangu vya mkutano vimenitoa malengelenge. Natabasamu peke yangu kama mwehu. Zena ameniuliza mara mbili kama nimepata mchumba. Nimemwambia mume ninaye, yuko Lumuma anamwagilia vitunguu, na hajui bado mkewe amefanya nini leo mbele za watu.

Nimefurahi jamani. Nimefurahi mpaka ninakosea herufi ninapoandika kwenye simu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Ashura, mkulima wa vitunguu kijiji kimoja cha kata ya Lumuma, na ni katibu wa kamati ya mfereji. Ukatibu wenyewe ni kwamba daftari la zamu za maji linakaa kwangu. Ninajua nani anafungulia maji shambani kwake siku gani, na nani amejipa zamu ambayo si yake. Kiangazi kikikolea watu hunisalimia vizuri sana.

Kijijini kwetu kuna chemchemi ya maji moto. Ukitumbukiza mguu unauchomoa haraka. Wazee huenda kukanda magoti, na sisi wengine tumekua tukiiona pale chini ya mfereji bila kuifikiria zaidi. Mwezi wa pili tukaambiwa wanakuja wataalamu wa jotoardhi, watu wanaotafuta joto lililoko chini ya ardhi ili litoe umeme. Kijiji kikapagawa. Umeme wa gridi tunao, lakini sisi tuko mkiani kabisa mwa laini. Jioni taa zinakuwa nyekundu, mashine ya kusaga inanguruma bila kusaga, na nguzo ikianguka masika tunasubiri hadi tunasahau tulikuwa tunasubiri nini.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Naomba nisimulie taratibu.

Sisi watu wa mfereji tuna desturi yetu. Mgeni akija kukagua, hatumwonyeshi mfereji ukiwa nusu. Kila walipokuja watu wa saruji, wale wanaotusaidia kujengea banio, ukuta wa mtoni unaoyaelekeza maji mferejini, tuliwaomba wenye zamu wafunge mashamba yao siku nzima, maji yote yakakusanywa kwenye mfereji mkuu, yakapita pale yakiwa yamejaa hadi kingoni. Mgeni anasimama, anapiga picha, anasema hawa wana maji, hawa wanastahili saruji. Hatukuwahi kuuita uongo. Tuliuita heshima, kama unavyotandika shuka jipya mgeni akilala kwako.

Kwa hiyo waliposema wanakuja kuangalia chemchemi, mwenyekiti wetu Mzee Saidi aliniita, akasema, "Katibu, andaa zamu."

Nikaandaa. Nilipanga vizuri kuliko mwaka wowote, na nilijipongeza. Umeme tunaoujua sisi ni wa bwawa: maji mengi yanashuka, yanazungusha mitambo. Tukaona na huu ni hivyo hivyo, maji yakiwa mengi na umeme utakuwa mwingi. Tukavunja ukingo wa mfereji, maji yakateremka kwenye chemchemi tangu mchana wa siku ya kuamkia ugeni. Asubuhi tukaziba na kufagia nyayo. Kidimbwi kilikuwa kimejaa pomoni, kinapendeza kweli.

Na kilikuwa vuguvugu.

Mtaalamu mkuu ni binti mmoja anaitwa Neema, mdogo kwangu, mpole, mwenye daftari lililolowa kila kona. Alipima, akakunja uso, akajaza chupa zake. Kisha akanigeukia mimi, si mwingine, akaniuliza kama maji hayo hayajachanganyika na maji mengine.

Nikamjibu, "Hayo ndiyo maji yetu, mtaalamu."

Nilimtazama machoni kabisa. Hata sikuwaza. Ulimi ulishazoea kazi hiyo miaka yote.

Majibu yalikuja mwezi wa nne, kurasa chache, nami ndiye niliyeyasoma kwenye mkutano wa kijiji. Yalisema chemchemi yetu haifai, kuchimba hakutalipa. Watu walinung'unika. Mmoja alisema hao wataalamu wamehongwa, mwingine akasema vipimo vyao ni vya zamani. Mimi sikuwa nawasikiliza tena, nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho, pale Neema alipoeleza kwa lugha ya sisi wa kawaida jinsi wanavyojua joto la huko chini bila kushuka.

Alieleza hivi. Maji yakikaa kwenye mwamba wa moto yanayeyusha madini yake, na kadiri mwamba ulivyo wa moto ndivyo madini yanavyokuwa mengi. Ni kama supu ya mifupa: ukionja unajua imekaa jikoni kiasi gani, hata kama hukuwapo ikipikwa. Alipoonja supu yetu, aliikuta nyepesi.

Nyepesi! Nani aliyeimwagia ndoo za maji baridi kama si mimi, kwa ratiba niliyoandika kwa mkono wangu na kuipigia mstari wa rula?

Nilirudi nikamweleza mume wangu, kisha mwenyekiti. Mume wangu alisema niachane nayo, mambo ya kampuni hayo, watakuja wengine. Mzee Saidi alisema nikisema tutaaibika kata nzima, na wale wa saruji nao wakisikia, je? Alikuwa na hoja. Lakini nilipoziona zile taa nyekundu za jioni nilijua kwamba safari hii si nguzo wala si serikali, ni Mama Ashura. Kama kuna joto la kutosha chini yetu na mimi nimelizima kwa mfereji, basi watoto wa kijiji kizima watasomea kwenye mwanga ule kwa sababu yangu, na hakuna atakayejua.

Siku nne nilizunguka na simu. Ya tano nikampigia Neema nikamwambia.

Nilisikia akifungua daftari. Kisha akauliza, "Mfereji gani, mama?" Nikamweleza hadi mwisho, pamoja na nyayo tulizofagia. Nilisubiri matusi. Alichosema ni kwamba mwezi wa tano watapita kwetu nusu siku, wakielekea kwingine, na kama nina maji ambayo hayakuguswa nimwonyeshe.

Hayakuwepo. Ule ukingo tuliouvunja uliporomosha tope, jicho la chemchemi likazibwa, na mfereji ukawa unavuja humo humo. Tulikuwa tumeiharibu kabisa.

Jicho jingine lilikuwa moja tu, juu zaidi, kwenye malisho ya Masanja.

Masanja, au Baba Kulwa, ni mfugaji, familia yake ilitoka kanda ya ziwa miaka ya nyuma na ng'ombe wengi. Mimi na yeye tulikuwa hatuongei. Kiangazi kilichopita ng'ombe wake walikanyaga kingo za mfereji, na barua ya kumshitaki kwa mtendaji wa kata niliandika mimi, kwa wino mwekundu pale nilipotaka asisahau. Sasa nikapanda kwake na kilo mbili za vitunguu kwenye kikapu na uso umenishuka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akavua kofia.

"Mama Ashura, yaani ng'ombe wangu mliwafukuza wasichafue maji, halafu nyie mkayachafua wenyewe kwa kamati?"

"Ndiyo, Baba Kulwa."

"Na muhtasari mliandika?"

"Nimeuandika mimi."

Akacheka upya. Akasema pale juu mawe yana chumvi nyeupe, ng'ombe wake huyalamba kutwa, na maji yenyewe hawayanywi mpaka yatembee mbali yapoe. Siku Neema alipokuja, Masanja alimtangulia yeye mwenyewe, akawazuia ng'ombe kwa fimbo na miluzi hadi chupa ya mwisho ikajaa. Neema aliweka kipimo majini, akakitazama, akakitazama tena. Aliandika namba bila kuitaja. Ila niliona anauma mdomo ili asitabasamu.

Basi, leo ndiyo ilikuwa siku ya majibu.

Walituita Mikumi, vijiji vinne vyenye maji moto, kwenye ukumbi mmoja karibu na barabara kuu. Mzee Saidi goti limemsumbua, kwa hiyo wawakilishi wetu tulikuwa mimi na Masanja. Tulifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Nyani mmoja alikuwa amekaa juu ya ukuta wa ukumbi akimenya ndizi ya mtu, anatutazama kama mlinzi wa getini.

Neema alianza na gharama, na nilimpenda kwa hilo, kwa sababu watu wa miradi huanza na picha za watoto wanaocheka. Alisema umeme wa jotoardhi una kuni za bure lakini jiko lake ni ghali mno. Jenereta unainunua kwa nafuu, halafu inakula dizeli kila siku hadi inakufilisi. Huu ni kinyume chake: karibu fedha yote inatoka mwanzoni, wakati wa kuchoronga kisima, kutoboa mwamba kwenda chini, tena kabla hujajua kama utakuta joto na maji ya kutosha. Unaweza kuchoronga ukakosa, na shimo halirudishi chenji. Ndiyo maana benki hazipendi kusikia habari zake mpaka kisima cha kwanza kiwe kimeonekana.

Akaongeza kwamba kwa maji kama yetu tusitegemee mvuke wa kurusha vifuniko. Kuna mitambo midogo ambayo maji moto yanapasha kimiminika kingine kinachochemka upesi, na mvuke wa hicho ndio unaozungusha. Inafanya kazi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini ukiuza umeme peke yake, kwa uchache wake, ukashindana na ule wa mabwawa makubwa, hesabu inayumba. Ukumbi ukapoa. Masanja akanong'ona kwamba tumekuja kula wali tu.

Ndipo Neema akasema, "Isipokuwa kama yale maji yakitoka kwenye mtambo bado yana kazi."

Yanatoka yakiwa bado ya moto! Yanaweza kukausha vitunguu. Nani asiyejua tunavyouza vitunguu vyetu msimu wa mavuno, wanunuzi wakishatuona tumejaza magunia na hatuna pa kuyaweka? Tunauza kwa bei ya aibu huku tunatazama pembeni. Kitunguu kilichokaushwa kinakaa. Alisema kwa kijiji cha mkiani mwa laini, umeme na ukaushaji vikifanywa pamoja, hesabu inaweza kusimama. Kisha akafungua karatasi ya pili na kutaja jina la kijiji chetu. Supu ya kwa Masanja ilikuwa nzito. Wanapendekeza kisima kimoja chembamba cha majaribio, na tayari kuna anayefikiria kukigharamia.

Nilipiga kigelegele. Sikukipanga, kilitoka chenyewe. Masanja alinipiga bega kwa kofia yake.

Vijiji vingine vitatu, majibu yao yalikuwa kama yetu ya kwanza: maji mepesi, kuchimba hakulipi.

Afisa mmoja wa meza ya mbele akauliza swali la haki kabisa. Kwa nini kijiji hiki kilikosa mwezi wa nne na leo kimepata? Neema alinitazama nusu sekunde, akasema sampuli za kwanza zilipata hitilafu, zikarudiwa. Akataka kuendelea. Alikuwa ananisitiri, Mungu ambariki. Ningeweza kukaa pale na kigelegele changu, nikala wali, nikarudi Lumuma shujaa.

Nilisimama.

Nikasema mimi ni katibu wa mfereji na hitilafu ni mimi. Nikaeleza zamu, ukingo, nyayo, na lile jibu nililompa binti wa watu nikimtazama machoni. Nikasema tulidhani umeme unataka wingi wa maji. Nikamwomba Neema radhi mbele ya wote.

Afisa wa mbele aliweka kalamu chini.

Halafu nyuma kabisa kiti kikaburutwa. Akasimama mzee mmoja mwenye kanzu na koti, Mzee Athumani, katibu wa skimu ya kumwagilia mpunga ya kijiji kingine. Alikohoa. Akasema, "Na sisi tulifungulia."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Akarudia kwamba nao walifungulia mfereji wao kwenye maji moto, tangu asubuhi, wageni wasije wakakuta kidimbwi kimekauka. Wakaongeza na majani ya mgomba pembeni ili papendeze.

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi wakashika meza. Masanja alikuwa anafuta machozi. Afisa wa mbele alijaribu kukaza uso akashindwa. Neema alikuwa ameinamisha kichwa kwenye daftari lake, mabega yanatikisika, na alipoinua uso akauliza kama kuna kijiji kingine kilichowaheshimu wageni. Wa tatu wakasema hapana, kwao maji ni yale yale, na nadhani walisema kweli kwa jinsi walivyosikitika. Wa nne walitazamana kwanza, wakasema wataulizana.

Kijiji cha Mzee Athumani kitapimwa upya. Huenda supu yao ni nyepesi kweli, huenda si nyepesi. Lakini walikuwa wamefutwa kwenye orodha, na sasa hawajafutwa.

Wakati wa chakula alinifuata, nikampa shikamoo, akaitikia bila kuuachia mkono wangu. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi hili ningekufa nalo." Nililia kidogo kwenye wali, na sikuona haya.

Zena ananiambia chai imepoa. Acha ipoe.

Sijidanganyi. Kisima hakijachorongwa. Kinaweza kuchorongwa kikatoka kitupu, na mwenye kukigharamia akafunga mkoba wake. Neema alilirudia mara tatu ili tusije tukaenda nyumbani kununua friji. Lakini jibu litakalotoka sasa litakuwa la ardhi yetu wenyewe, siyo la ratiba yangu. Nikiwaza hivyo napumua vizuri, na sikuwa nimepumua hivi tangu mwezi wa nne.

Na kabla sijafunga simu hii, Mzee Saidi ametuma ujumbe. Habari za Mikumi hajazipata, mtandao wa kwetu hukamata kwa vipindi. Ameandika: "Katibu, wageni wa saruji wanakuja Jumatano. Andaa zamu."

Nimekaa na simu mapajani muda wote mwadhini alipokuwa akiadhini. Saruji tunaihitaji kwelikweli. Banio limeliwa upande mmoja. Wakiona mfereji una maji kidogo wanaweza kuondoka. Na kamati inaweza kunivua ukatibu, haki yao.

Nimemjibu: "Shikamoo mwenyekiti. Jumatano ni zamu ya mtaa wa juu, wana miche michanga, siwezi kuwafungia. Wageni watayakuta maji yalivyo, nami nitawatembeza hadi pale banio lilipobomoka."

Zile alama mbili zikageuka bluu, amesoma. Nikanywa chai ya baridi, nikasikia treni ikiingia stesheni, nikaanza kuwaza nitamkabidhi nani daftari.

Kisha jibu likaingia.

"Marahaba. Uwaonyeshe na ule ukingo tuliouvunja."